Saa Sita Nyuma

Kwetu, kiberiti kikinunuliwa njiti zilihesabiwa. Sisemi kwa mzaha. Mume wangu Jabir alizimimina juu ya meza, akazihesabu mbili mbili, akaandika idadi ubavuni mwa kiberiti kwa kalamu ya risasi, kisha akanitazama mimi. Chupa ya mafuta ya taa aliitia alama kwa rangi ya kucha. Rangi yangu, tena bila kuniomba. Mwanzoni nilicheka. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, na umri ule mtu hucheka mambo mengi ambayo baadaye humkaba kooni.

Tulitoka Mombasa, Kibokoni, mwaka wa sitini na nne, alipopata ukarani katika kampuni moja ya mizigo karibu na stesheni ya Nairobi. Tukapanga vyumba viwili Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na humo akazaliwa binti yetu Mwanasha. Alikuwa karani hodari, hilo simnyimi. Barua zake alizipiga taipu bila kosa, na nakala ya kila barua, hata ya kuomba ruhusa ya kwenda mazikoni, aliileta nyumbani akaifungia kabatini. Nilimuuliza za nini. Akasema siku moja mtu atakana maneno yake, na yeye atakuwa na karatasi. Methali yake ilikuwa moja tu, kikulacho ki nguoni mwako. Aliisema hata akikuta sukari imeingia sisimizi.

Lakini asije mtu akadhani nilikaa na mtu mbaya. Hakuwahi kuninyooshea mkono, hakuwahi kulala nje, na mamake akiugua huko Mombasa yeye ndiye aliyekonda. Jirani akitaka kuandikiwa barua, alimwandikia bure. Ila baada ya kumwandikia, alijiuliza wiki nzima kwa nini jirani yule hakwenda kwa mtu mwingine.

Maradhi ya saa yalimwingia mwaka wa sabini na tano, saa za namba zilipoanza kuonekana mjini. Zilikuwa nzito, kioo cheusi, hazina mishale. Ukitaka kujua saa unabonyeza kitufe, ndipo tarakimu nyekundu zinawaka, ukiachia zinazimika. Wakubwa wa maofisini walizivaa kwa maringo. Miezi michache betri inakufa, na betri mpya haipatikani ila kwa taabu, basi saa inatupwa kwenye droo pamoja na funguo mbovu. Jabir alizifuata humo madroo. Aliuliza ofisini, aliuliza msikitini, aliuliza hata kwa kinyozi.

Na wala hakutaka saa, alitaka makosa. Alifungua kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu akatazama mihuri ya kiwanda ndani. Saa yenye mihuri sawasawa aliirudisha kwa mwenyewe. Aliyoitaka ni ile yenye namba iliyopigwa mara mbili, au nyota ndogo pasipostahili nyota, au herufi iliyolala ubavu. Alisema hizo zilitoka siku za mwanzo kabisa, kabla watu na mitambo hawajazoeana, na kwamba kila kosa lilikuwa moja tu duniani. Alizichora alama zote katika daftari. Nikamwambia, mwenzangu, watu huenda sokoni wakachagua maembe mazima, wewe wachagua yenye doa. Hakucheka.

Saa zenyewe zilikaa ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, kila moja katika kipande cha flana. Hakuna mkono ulioruhusiwa kugusa bati lile ila wake. Na juu ya mfuniko aliweka unywele mmoja, ili mtu akifungua ajulikane. Unywele! Alidhani sijui. Kila nilipopangusa vumbi niliuokota, nikimaliza nikaurudisha palepale, naye mwaka mzima akaamini kwamba unywele wake unamlindia nyumba.

Saa iliyompendeza kuliko zote aliletewa na Lazarus Odero. Huyu alikuwa mpishi Lavington, kwa Mzungu mmoja wa miradi ya maji, na alikuwa amefika mwaka wa nane katika kazi hiyo. Nyuma ya nyumba ya Mzungu kulikuwa na vyumba vya wafanyakazi, na humo aliishi yeye na mkewe Peres na watoto wanne. Walijuana na Jabir kwa ajili ya barua. Lazarus alitaka kumwombea nafasi ya shule binti yake mkubwa, Awiti, akaelekezwa kwa karani wa Ngara asiyetoza mtu. Awiti alipopata nafasi, Lazarus akaja kushukuru, na tangu siku hiyo, Jumapili ya mapumziko yake, akitoka kanisani alipitia kwetu. Mtu mtaratibu, kicheko chake cha chini kwa chini. Alikuwa akinitania kwamba pilau yangu ni nzuri lakini ningemwachia yeye jiko siku moja ningejua sijui kupika.

Mzungu wake alimpa saa iliyokufa, akamwambia aitupe au awape watoto waichezee. Lazarus akamletea rafiki yake. Jabir alipoifungua akaketi kitako. Ndani kulikuwa na sufuri tano kisha arobaini na moja, na pembeni herufi R iliyopigwa kichwa chini, halafu fundi wa kiwanda, kwa kuona aibu nadhani, akapiga R nyingine iliyosimama vizuri ubavuni mwake. Jabir aliitazama hadi chai ikapoa. Siku ya pili walikwenda wote wawili kwa Kivuva, fundi wa saa wa pale barazani Ngara, awatafutie betri. Kivuva akaigeuza geuza akasema saa hii itakuja kuwa mali siku moja.

Neno hilo ndilo lililoharibu mambo. Kutoka hapo mume wangu hakumwona tena Lazarus kama mtu aliyempa kitu. Alimwona kama mtu anayejutia kutoa. Lazarus akiondoka ananiuliza, umeona alivyoitazama? Nikamjibu ameitazama kwa macho, ulitaka aitazame kwa nini? Akasema mie sijui watu.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa saba, Lazarus alikuja na habari. Mzungu wake alikuwa anarudi kwao, na nyumba ile inachukuliwa na Wazungu wengine, mtu na mkewe. Kama Mzungu wa zamani angemwandikia barua nzuri, wapya wangemchukua yeye na jiko lake, na Peres na watoto wangebaki vyumbani mwao. Kwa watu wa kazi hiyo barua ya mwajiri ndiyo kila kitu. Na ndani yake kuna neno moja ambalo mama mwenye nyumba hulitafuta kabla hajasoma habari za mapishi, nalo ni mwaminifu. Lazarus alilisema neno hilo kwa Kiingereza, taratibu. Mzungu alikuwa ameshamwahidi.

Wakati huohuo tulikuwa na mgeni. Mavyaa wangu, Bi. Mgeni, mamake Jabir, alikuwa ameletwa kutoka Mombasa kupasuliwa mtoto wa jicho, na daktari akaagiza atiwe dawa saa mbili, saa sita na saa kumi, wala asipitishe. Nami nilikuwa nikishona mchana kutwa kwenye duka la chini. Nilipanda ngazi kumtia dawa kila aliponigongea sakafu kwa bakora, lakini atajuaje saa? Ya ukutani haioni. Hata alipokuwa mzima macho aliisoma kwa njia ya wazee wetu: mshale mfupi ukiwa kwenye nane, yeye anaangalia ncha ya mkabala, anasema saa mbili. Sasa mshale wala ncha yake haoni.

Nikakumbuka zile tarakimu nyekundu. Katika bati zima iliyokuwa hai ni ile ya R tu. Jumatatu, Jabir alipokwenda kazini, nikauondoa unywele, nikaitoa. Mavyaa akaisogeza karibu na jicho, akabonyeza, uso ukamfunguka kwa furaha. Kisha akanuna. Akasema inasema saa saba na dakika kumi na mbili, mbona ndiyo kwanza tumekunywa chai? Nikamweleza kwamba hiyo ni saba ya kizungu, kwetu ni saa moja. Akaniuliza ncha ya mkabala iko wapi basi. Nikatazama kile kioo cheusi, nami nikajiuliza iko wapi.

Ubavuni mwa saa kulikuwa na tundu dogo. Nilishamwona Jabir akilichoma. Ukibonyeza kwa ncha ya sindano, saa zinasonga moja moja, dakika hazigusiki. Nikabonyeza mara sita. Ikawa moja na dakika kumi na mbili. Mavyaa akasema sasa imepata akili.

Wiki nzima tulikwenda hivyo. Asubuhi naitoa, jioni kabla bwana hajarudi naifunga katika flana yake, unywele juu. Jabir alikuwa akiifungua Jumapili tu, kwa kuogopa kumaliza betri, nami nilikusudia Jumamosi niirudishe kwenye saa zake. Jumamosi nikampeleka mavyaa hospitali, tukakaa foleni hadi alasiri, daktari akasema dawa imetosha, basi likatuharibikia njiani, nikaja nikapika, nikalala na nguo nilizovaa. Nikasahau. Hilo ni kosa langu mimi Waridi, na nalisema sasa hivi ili nisije nikaonekana najificha nyuma ya makosa ya mume wangu.

Jumapili Lazarus akaja. Jabir alimwonyesha ile saa upande wa nyuma tu, hakubonyeza. Adhuhuri akaenda msikitini, akamwacha na kikombe chake. Mie nilikuwa jikoni, mavyaa amelala. Jabir akarudi, wakala, Lazarus akaaga saa tisa. Alipokwisha kushuka ngazi, nikamwona mume wangu amesimama mbele ya kabati, mgongo umekauka. Akaniuliza bila kugeuka, Odero alikaa peke yake muda gani? Nikasema muda wa wewe kuswali. Nilidhani ameona unywele umekaa vibaya, nikaufyata mdomo. Laiti ningeuliza, ana nini. Laiti naye angesema. Lakini mtu wa dhana hasemi, hukaa nayo tumboni mpaka inazaa.

Aliyoyawaza niliyajua baadaye. Aliona saa iko nyuma saa sita kamili. Akajiambia betri imetolewa, mashine imebadilishwa, kifuniko chenye zile R mbili kikarudishwa, na mwizi akairekebisha kwa kubahatisha. Dakika zilikuwa sawasawa na redio. Mtu mwingine angejiuliza, mwizi gani huyu akosee saa sita asikosee hata dakika moja? Yeye aliliona hilo pia, akalichukua kuwa ndio ujanja wenyewe. Akaifunga saa katika karatasi, akaandika tarehe, akatia sahihi, iwe ushahidi. Jumatatu akapiga taipu barua kwa Mzungu wa Lavington, akaipeleka kwa mkono wake saa ya chakula. Akarudi nyumbani akala vizuri.

Jumatano Peres alikuja kwetu. Hakuwahi kuja bila mumewe. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa, akatoa bahasha kifuani. Mzungu alikuwa ameondoka kwa ndege usiku wa jana, na hiyo ndiyo barua aliyoacha. Kiingereza changu ni cha kuunga unga, lakini niliweza kuisoma. Ilitaja mapishi, ilitaja usafi, ilitaja kwamba kwa miaka minane Lazarus hakuchelewa kazini hata siku moja. Ikaishia hapo. Yule mama mpya aliisoma mara mbili, akauliza kwa nini neno lile halimo. Kisha akawaambia wahame kufikia Jumamosi.

Peres akasema, "Mama Mwanasha, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Bwana yako aliandika ati saa ilirudi nyuma saa sita. Lazarus hiyo kitu hajui hata kuifungua. Sasa alifanya nini?"

Saa sita. Sindano yangu, mara sita. Nikamwambia Peres kila kitu palepale, nikilia, naye akanisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu. Aliikunja ile barua kwa mikunjo yake ileile akaondoka kufunga vyombo.

Jabir aliporudi, sikumngoja avue viatu. Nikamwambia ni mimi, nilimgeuzia mamako saa kwa ajili ya dawa, nikasahau kurudisha. Nilitarajia atapiga kelele kwa ajili ya bati. Nilikuwa tayari kwa kelele. Hakupiga. Alinitazama vile alivyokuwa akizitazama zile njiti.

"Peres alikuja hapa leo?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na leo ndiyo umekumbuka," akasema. "Tangu lini wewe unamtetea Odero?"

Jamani. Miaka kumi na tatu ya ndoa. Nimemzalia, nimemfulia, nimeuchunga unywele wake wa kijinga. Hasira ilinipanda, maana nilimwelewa sana alichokuwa akiuliza, na jambo lenyewe lilikuwa chafu. Aliyejibu ni mavyaa, kutoka kitandani kwake chumba cha pili.

"Jabir, niletee hicho kidude," akasema.

Alipeleka. Alifungua ile karatasi yenye sahihi mbele yetu, polepole, kama yuko kortini. Mavyaa akaishika saa, akaisogeza kwenye jicho, kidole chake kikakipata kitufe bila kupapasa, akabonyeza.

"Saa moja na dakika ishirini," akasema. "Isha bado. Mkeo alinitengenezea, Mungu amjaze heri. Wiki nzima sikupitisha dawa."

Jabir akageuka akatazama ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umepita saba kidogo, mrefu uko kwenye nne. Saa moja na dakika ishirini. Nilimwona akiitazama ile ncha ya mkabala, mtoto wa Kibokoni, aliyefundishwa kusoma saa na mwanamke huyohuyo. Akakaa kitandani miguuni pa mamake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwonea huruma na kumchukia kwa pamoja.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda Lavington na barua mpya. Askari wa getini akamwambia bibi hapokei watu. Akaiacha barua, haikujibiwa. Anwani ya Mzungu aliyeondoka hakuna aliyekuwa nayo. Alikwenda Ijumaa, akaenda Jumamosi, na Jumamosi akayakuta mabati ya dirisha la vyumba vya nyuma yamefungwa.

Ilituchukua wiki tatu kuwapata. Walikuwa wamepanga chumba kimoja Satellite, upande wa Riruta, watu sita na sufuria zao. Lazarus alikuwa akikaanga maandazi kibandani kwa mtu. Mikono ile iliyokuwa ikipika vyakula ambavyo hata majina yake siyajui. Awiti alikuwa nyumbani siku ya shule, kwa sababu kutoka huko hadi shuleni kwake hakukuwa na nauli. Walitupokea vizuri mno. Peres akatukaribisha kitandani, maana viti havikuwapo, akachemsha chai.

Jabir aliomba radhi. Hakuzungukazunguka, nampa haki yake. Alisema nimekudhulumu, na aliyesema uongo si saa, ni moyo wangu. Kisha akatoa barua aliyoipiga taipu yeye mwenyewe, karatasi mbili, na neno mwaminifu nililihesabu humo mara tano. Lazarus aliisoma yote, akaikunja, akashukuru. Wote mle chumbani tulijua hakuna nyumba Lavington itakayompa mtu jiko kwa barua ya karani wa Ngara.

Ndipo Jabir akatoa ile saa. Hakuniambia kwamba ameibeba. Akaivua flana, akaiweka kwenye kiganja, akamnyooshea. Akasema ni yako, tangu mwanzo ilikuwa yako, na kuna watu mjini wataitaka.

Lazarus aliitazama. Hakuishika.

"Bwana Jabir, mimi nimekusamehe, nimesema hivyo mbele ya mama Mwanasha," akasema. "Lakini hii saa siwezi chukua. Polisi akinishika nayo hapo barabarani, nitamwambia nimetoa wapi? Nitamwonyesha barua gani?"

Peres akatuongezea chai. Mume wangu alikuwa bado ameunyoosha mkono.